Pamba Iliyoanikwa Mara Tatu

Tarime Mjini,
12 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mama presha yake iwe imetulia. Mimi sijambo, isipokuwa mafua yaliyonishika wiki nzima na sasa yameniachia. Mwambie Kezia kitabu chake cha fizikia nimekipata, nitampa Gidion siku akipita huku. Najua barua zangu unazisoma kwa sauti hadi majirani wanajua habari zangu kuliko mimi mwenyewe, kwa hiyo nasema hapa hapa: Mama, shikamoo, na uache kubeba ndoo mbili kwa mpigo.

Kazi ya maabara inaendelea. Wanafunzi wa mwaka huu wanavunja vyombo kama wametumwa, na mwalimu mkuu akitaka maelezo anakuja kwangu.

Baba, nina shida, na naomba unisaidie bila kuniuliza sana. Nataka pamba. Si ile ya dukani ya kufungia vidonda, ile imeshapitia mambo mengi kiwandani. Nataka ya shambani kwako, kiroba kimoja tu. Kuna kitu najaribu kutengeneza hapa shuleni baada ya vipindi, kitu cha kuchuja maji. Mpe Gidion pale Morotonga, yeye ataipandisha basi la asubuhi.

Ningekupigia, lakini simu haikufai tangu baruti ikuchukue masikio, na meseji unasema herufi zake ni ndogo kama mayai ya chawa. Basi tuandikiane. Ila fanya haraka, Baba.

Mwanao,
Veneranda


Kisaka,
3 Machi 2024

Mwanangu Veneranda,

Marahaba. Sisi huku wazima, namshukuru Mungu. Watoto wangu wote watatu wana afya: wewe, Gidion na Kezia. Mama yako amesikia salamu zako na ndoo bado anabeba mbili. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, ana doa jeupe usoni, mzuri sana. Heche jirani yetu bado hasemi na mtu tangu pamba yake irudishwe ghalani msimu uliopita. Aliinyunyizia maji ili ipande uzito, karani akaingiza mkono kwenye kiroba mbele ya watu wote, akautoa umelowa. Mimi ningehama kijiji.

Pamba yako hii hapa. Ni ya msimu uliopita, niliyokuwa nimeibakiza kwa ajili ya mito. Nimeichambua mwenyewe, hutakuta fifi, ile pamba chafu ya daraja la chini, humo hata ukitafuta kwa tochi. Nimeianika siku tatu juu ya mabati, nikaiingiza ndani, kisha sikuridhika nikaianika tena siku mbili. Sasa ni kavu mpaka ukiikamata inakwaruza vidole. Miaka ishirini na sita nauza pamba na sijarudishwa hata siku moja, sitaanza kwa mwanangu. Na kama ni kuchuja maji, basi ukavu ndio wenyewe. Ng'ombe aliyeshinda na kiu ndiye anayekunywa sana, hilo hata wewe unalijua, umechunga.

Lakini niambie, maji gani hayo unayochuja? Tarime mjini si kuna bomba?

Baba yako,
Salvatori


Tarime Mjini,
29 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Kiroba nilikipata kwa kuchelewa, kondakta alikisahau kwenye buti kikaenda Sirari na kurudi. Asante sana. Hongera kwa ndama. Nimefurahi kwamba nyote wazima, ingawa hesabu yako ya watoto nimeisoma mara mbili.

Pamba haikufanya kazi. Usikasirike, nakueleza nilivyofanya. Niliichemsha na magadi ili kutoa nta yake, nikaisuuza, nikaianika kwenye kamba, kisha nikaitia kwenye dawa ya maabara ambayo inanuka mayai viza. Mwalimu mkuu alidhani choo kimepasuka. Dawa hiyo ikishikana na pamba, pamba inatakiwa iweze kunasa zebaki kwenye maji. Nikapitisha maji yenye zebaki, nikayatia kwenye chupa, nikamtumia Samira, rafiki yangu wa chuo anayepima maji Mwanza. Akajibu kwamba maji yaliyoingia na yaliyotoka ni karibu yale yale.

Halafu likatokea jambo. Kuna fungu nilisahau kwenye beseni siku ile ya magadi, likashinda majini siku sita. Kwa uchovu sikulianika, nilililoweka kwenye spiriti mara kadhaa ili maji yatoke kidogo kidogo, nikalitia kwenye dawa likiwa bado bichi. Hilo likanasa mara tatu zaidi ya lile la kamba. Pamba ni ile ile, dawa ni ile ile, tofauti ni kuanikwa.

Kwa hiyo nakuomba pamba nyingine, Baba. Kama vipo vitumba vilivyoanza kupasuka, chuma alfajiri na umande wake, usivianike kabisa, vifunge kwenye nailoni vikiwa vimelowa. Mara tatu zaidi bado haitoshi. Maji yale ni mabaya sana.

Mwanao,
Veneranda


Kisaka,
14 Aprili 2024

Veneranda,

Marahaba. Tu wazima, watoto wangu watatu na mama yao. Mvua ni nyingi, palizi imetushinda.

Nimekutumia pamba ya mwanzo ya msimu huu, iliyotangulia kupasuka. Nimeianika. Ilinibidi nisubiri jua siku nne, na lilipotoka niliikalia mwenyewe nikiigeuza hadi alasiri. Hii ni mara ya tatu naanika pamba kwa ajili yako. Pamba iliyolowa haitatoka kwenye nyumba yangu. Kila kiroba nilichouza kina jina langu, na hiki nacho nimeliandika. Wewe umesoma, mimi sikusoma, lakini kwenye pamba usinifundishe.

Jambo la pili. Umeandika zebaki. Hilo ni neno la machimboni na sitaki kulisoma tena kwenye nyumba hii. Ndugu yangu Kisyeri aliingia shimoni huko huko Tarime na hatukumtoa. Mimi walinitoa na masikio haya. Nilisema mtoto wangu atakayekwenda kula kule ajue ameondoka kwangu, na aliyekwenda amekwenda. Sijabadilika. Kama kuna mtu kakutuma, mwambie hivyo.

Mama yako anakusalimu. Alitaka niandike kitu kingine lakini sikumwelewa, midomo yake ilikuwa inatetemeka.

Baba yako


Tarime Mjini,
5 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini palizi imesogea. Mama anywe dawa zake, asisubiri hadi kichwa kiume. Mimi nipo.

Nimeketi na kiroba chako mbele yangu na nimelia, nakuambia ukweli. Ni pamba nzuri kuliko yoyote niliyoiona. Ni nyeupe, haina jani, haina mchanga. Na hainifai kitu.

Sikufundishi kulima. Naomba tu unisikilize kwa macho, maana hiki nimekijaribu kwa mikono yangu miezi mitatu. Uzi wa pamba ukiwa bado ndani ya kitumba kibichi, umejaa maji. Ndani ya uzi kuna kama mikono midogo isiyohesabika, na maji yanaitenganisha. Kitumba kikipasuka, jua likaingia, maji yanatoka, na ile mikono inasogeleana na kushikana yenyewe kwa yenyewe. Dawa yangu ikija inakuta mikono yote imeshikwa, haina pa kukamata. Ndiyo maana mfano wako wa ng'ombe hausaidii hapa. Ng'ombe mwenye kiu hufungua mdomo. Pamba yenye kiu hufunga.

Ukiilowesha tena, baadhi ya mikono inaachiana. Ndiyo lile fungu langu la beseni. Lakini kukauka kwa mara ya kwanza ndiko kunakoumiza kuliko kote. Ikishakauka, uiloweke wiki, uiloweke mwezi, haifunguki yote kama ilivyokuwa. Na kila ukiianika tena juu ya bati la moto inazidi kujifunga. Hii uliyoigeuza siku nzima kwa mikono yako ndiyo iliyofunga kuliko zote. Samira amenipa majibu jana. Haikunasa karibu chochote.

Nataka vitumba vibichi, ambavyo havijapasuka, ambavyo jua halijauona uzi wake. Vipasulie ndani ya maji na visitoke majini mpaka vifike kwangu. Najua kukata kitumba kibichi ni kama kuchinja ndama. Naomba hamsini tu. Kama ni kwenda kuiba kwenye shamba la mtu huku ningeshakwenda, lakini huku hawalimi pamba.

Nijibu upesi, hata kama ni kunikatalia. Wiki zilizobaki ni chache, na sina njia nyingine.

Mwanao,
Veneranda


Tarime Mjini,
27 Mei 2024

(Baba, soma hii shambani ukiwa peke yako. Na tafadhali usiisome kwa sauti.)

Baba,

Shikamoo. Wiki tatu hukujibu. Gidion anasema mwili wako ni mzima, kwa hiyo ni hasira. Basi na ziongezeke, maana nimechoka kuficha.

Ni Jenipha.

Miaka minne hujaandika jina lake, nami nimekufuata, kila barua nakusalimia wote na kumruka dada yangu kama mtu aliyezikwa. Yuko machimboni, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Anaishi na Mayunga, yule kijana wa Usukumani. Si mtu mbaya, Baba. Anamheshimu. Yeye anashuka shimoni, Jenipha anatwanga mawe na kuosha mchanga kwa zebaki, na jioni wanaichoma dhahabu kwenye jiko lile lile la ugali. Kisima cha kambi kiko chini ya mahali wanapooshea. Samira alipopima maji ya kile kisima, alinipigia simu badala ya kuandika.

Dada ana mimba ya miezi sita.

Na kuna jambo jingine ambalo niliapa kwake sitalisema, leo nalisema. Hii si mimba ya kwanza. Mwaka juzi alijifungua mtoto wa kike, akamwita Nyangi, jina la mama yako. Mtoto hakujua kunyonya vizuri. Mikono ilikuwa inatetemeka, hata akilala. Aliishi miezi mitano. Daktari hakusema ni zebaki, na hakusema siyo. Tulimzika watu saba, mimi na wachimbaji sita. Ulikuwa na mjukuu, Baba, na hukujua.

Mvua ilipokuwa inanyesha tulikinga ya mabati, akanywa hiyo. Sasa mvua imekata. Maji ya kununua yanafika siku yanapotaka. Nilimsihi aondoke, angalau mpaka ajifungue. Kwangu nina chumba kimoja cha shule na mkataba unakataza. Nilimsihi sana, hadi nikamkaripia. Aliniangalia akaniuliza, "Nirudi wapi, Vene?"

Nikarudi mjini nikaanza na pamba tena, kwa sababu pamba naiweza kidogo na wewe sikuwezi.

Hata sijui kama kichujio changu kitatosha. Huenda nitamnasia zebaki ya maji na ile ya moshi ikampata. Lakini sina kingine cha kufanya kwa mikono hii. Wiki iliyopita nilimwona akishika kikombe, na kikombe kikawa kinagonga sahani. Alikiweka chini haraka ili nisione.

Sikuombi umsamehe. Hilo nimeshaliacha. Naomba vitumba.

Veneranda


Stendi ya Mugumu,
4 Juni 2024

Mwanangu Veneranda,

Barua hii nakuletea mwenyewe. Ukiisoma nitakuwa nimekaa mbele yako. Nimeandika kwa sababu nikifika nitaanza kusema kwa sauti kubwa bila kujua, na watu wa shule yako watatoka madarasani. Kwa hiyo soma kwanza, salamu tutapeana baadaye.

Barua yako niliipeleka shambani kama ulivyoagiza. Nilisimama katikati ya pamba, mbali na nyumba, nikasoma. Mimi nilidhani nasoma kimoyomoyo. Nilipoinua uso, mama yako alikuwa amesimama kwenye mstari wa pili na jembe mkononi, na Heche kasimama mpakani kwake amevua kofia. Nikajua nilikuwa napiga kelele. Sijui nilianza kupiga kelele kwenye neno gani.

Nilitegemea mama yako aanguke, kwa ile presha. Hakuanguka. Midomo yake ilisema jina moja, na hilo nililielewa. Kisha akanyanyua vidole vinne. Mwanangu, kila nilipokuandikia kwamba watoto wangu ni watatu, nilikuwa namsomea, naye kila mara alikuwa ananyanyua vidole vinne, nami nikijifanya kuangalia karatasi. Miaka minne.

Ile barua yako ya mwanzo wa Mei niliielewa siku ile ile niliyoipata. Hasira haikuwa ya pamba. Ulipoandika kwamba wiki ni chache, nilijua ni yeye na nilijua ana nini, maana wiki huhesabiwa kwa mambo mawili tu, kilimo na mimba. Nikawa naamka nashika kisu, nafika shambani, naangalia vitumba, narudi na kisu. Nikijiambia nilitoa neno mbele ya kaburi la ndugu yangu ambalo halina mtu ndani. Nikijiambia mwanamume habadili neno. Siku ishirini na kitu nimemnyima mtoto wangu vitumba hamsini ili neno langu lisilowe.

Nimekata vyote vibichi vilivyobaki. Vimefika zaidi ya mia, vingi ni vya juu, vidogo, vingine Heche amekata kwake akaleta bila kusema. Tumevipasulia majini mimi na mama yako kama ulivyoeleza. Sijawahi kuona pamba ikiwa hivi. Miaka ishirini na sita nimeilima na sikujua kwamba ndani inakaa imelowa na laini, kama kitu kilichozaliwa sasa hivi. Gidion ametubadilishia maji pale Morotonga, ametia ya bwawa la Manchira, na ndoo ina mfuniko. Kondakta alitaka niiweke kwenye buti, nikamkatalia. Iko miguuni kwangu.

Lakini nimepiga hesabu ya mkulima. Vitumba hivi hata vikinasa vizuri, vitachuja maji ya siku ngapi? Na moshi utachujwa na nini? Kwa hiyo pamba hii ifanyie kazi, iwafae hao wachimbaji sita waliomzika mjukuu wangu. Jenipha simletei pamba. Nakuja kumchukua. Mama yako amepaka sakafu samadi, amefagia chumba cha Kezia, ametandika kitanda. Kisima chetu unakijua. Mayunga akitaka kuja aje, shamba lipo na mikono anayo. Asipotaka nitamshukuru kwa kumheshimu mwanangu wakati mimi sikumheshimu.

Naomba kabla ya kuondoka nionyeshwe alipolazwa Nyangi. Sitasema kitu. Nataka tu kupajua.

Naogopa, Veneranda. Shimoni sikuogopa hivi. Naogopa nitasimama mlangoni kwake aseme kitu na mimi nisisikie, nisijue kama ananikaribisha au ananifukuza. Kwa hiyo simama karibu yangu, uniangalie, uniambie kwa kichwa tu, ndiyo au hapana. Akiwa amesema hapana nitakaa nje mpaka aseme tena.

Nimeikalia barua yako ya mwanzo wa Mei hapa stendi tangu asubuhi, basi limechelewa. Nimesoma ile sehemu ya pamba mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Umeandika kwamba ikishakaushwa haifunguki yote kama ilivyokuwa. Nimetafuta mstari kwa mstari. Hukuandika kwamba haifunguki kabisa.

Baba yenu,
Salvatori